Ngige Amepata Kitanda

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne mwezi wa Machi, asubuhi, kwenye dirisha la mapokezi la kliniki ya figo mjini Kitale. Kabla ya hapo Bilha alikuwa mgonjwa, ndiyo, lakini mgonjwa aliyezoea ugonjwa wake. Jumanne na Ijumaa anasafishwa damu kwa mashine. Siku zingine anapika, anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, anaenda kwaya ya akina mama. Siku hiyo mume wake, Hesbon Sifuna, alimsindikiza kama kawaida, amembebea shuka kwapani.

"Mama, leo si siku yako," muuguzi Jepchumba alisema, macho kwenye kompyuta.

Bilha alicheka. "Sista, wacha utani. Leo si ni Jumanne?"

"Ni Jumanne. Lakini sistimu inasema unakuja tarehe tatu mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne! Na hizi figo zangu, nani amezijulisha?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, hata Jepchumba akatabasamu. Sifuna hakucheka. Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo cha dirisha.

"Sista, huyu mama unamjua. Mweke tu kwa kitanda, hiyo kompyuta mtaongea nayo baadaye."

"Mzee, ningemweka sasa hivi. Lakini bila tikiti ya sistimu, stoo haitoi kichujio, haitoi dawa, haitoi kitu. Kuna mwenzangu alitoa kwa mkono juzi, wakamkata mshahara." Akapunguza sauti. "Mrudi Ijumaa. Labda itakuwa imejipanga."

Itakuwa imejipanga. Kama vile ni mlevi anayengojewa alale kidogo aamke na akili. Kompyuta yenyewe ilikuwa mpya, imenunuliwa wiki iliyopita, na ratiba ya Bilha ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuandikwa ndani yake. Aliyeinunua alikuwa na ofisi ghorofa ya juu, yenye mlango na pazia, na watu wa foleni hawakuwahi kumwona hata siku moja.

Sifuna alimpigia simu binti yao, Nabwile, kwa sababu mambo ya kompyuta ndiyo kazi yake. Simu iliita mpaka ikakata. Nabwile alikuwa Kanduyi, kule Bungoma, kwenye ofisi ya kampuni iliyomwajiri, anakula keki. Kampuni ilikuwa imemaliza kusambaza programu yake kwenye kliniki, ile ile programu ya dirishani, na meneja alikuwa amesema wafanyakazi wote wafurahi.

Nyumbani kwao Kibomet, kwenye meza ya sebuleni iliyokuwa ya Biblia na redio, kulikaa kompyuta ya kampuni hiyo. Nabwile aliomba kuileta nyumbani ili afanye kazi huku akimwangalia mama yake, na wakubwa wakakubali haraka, kwa kuwa stima ingelipwa na Sifuna.

Kazi ya kompyuta ile ilikuwa moja. Kila asubuhi ilivuta mabadiliko mapya ya sistimu inayoendesha mashine za namna yake, mabadiliko yaliyotoka jana tu, ambayo kliniki zisingeyaona mpaka siku zitakaponunua kompyuta mpya. Ikishajibadilisha, inaijenga programu ya kliniki upya toka mwanzo, kisha inaijaribu. Inamwandikisha mgonjwa wa uongo, inampa siku yake, halafu inatazama kama siku hiyo ikifika atapata kitanda. Akipata, kioo cha kompyuta kinakuwa kijani. Akikosa, kinakuwa chekundu.

Sifuna husagia watu unga kwenye mashine ya posho, na shule aliiachia darasa la sita, lakini alipoelezwa hakuona ugumu wowote.

"Baba, si wewe ukipata mbegu mpya huwa unapanda mistari miwili kwanza, kando, ndio ujue kama itakutupa?" Nabwile alimuuliza.

"Sasa nitajazaje shamba lote na kitu sijui?"

"Basi hii ni ile mistari miwili."

Mgonjwa wa uongo Nabwile alimpa jina Ngige, na kwa kuwa hakutaka kusumbuka kutunga, akampa ratiba ya mama yake, Jumanne na Ijumaa. Bilha alimpenda huyo Ngige. Asubuhi, kabla ya salamu, angeuliza kutoka chumbani, "Ngige amepata kitanda?"

"Leo amekosa, mama."

"Pole yake. Mwambie apunguze chumvi."

Mwezi wa pili Ngige alianza kukosa kitanda siku baada ya siku. Na tuseme ukweli, mara nyingi ilikuwa bure: kitu kidogo kimehamishwa huko kwenye sistimu, printa imebadilishiwa jina, na jaribio zima linaanguka. Nabwile mwenyewe alikuwa amechoka. Akiona chekundu anaenda kuosha vyombo kwanza. Siku moja meneja wake, Wakhungu, akapiga simu, Bilha akiwa papo hapo anachambua maharagwe.

"Nabwile, hiyo kitu kila siku ni nyekundu. Shida ni nini?"

"Ni apdeti, bosi. Kila siku zinakuja na mpya. Ya leo ni kitu ya tarehe, bado sijaiangalia vizuri."

"Sasa sikiza. Zima hizo apdeti. Irudishe vile ilikuwa wakati ilikuwa kijani, uifunge hapo hapo."

"Lakini bosi, si hiyo ndiyo kazi yake, kutuonyesha mapema?"

"Itatuonyesha tukishapeana programu. Kliniki ziko na kompyuta za zamani, bana. Nani ataenda kununua mpya leo? Mimi nimeahidi watu. Funga."

Nabwile alifunga. Kesho yake kioo kilikuwa kijani, na keshokutwa, na siku zote zilizofuata. Sifuna alipoingia kula, nguo zimejaa unga, Bilha alimpokea na habari hiyo kabla hajanawa mikono.

"Baba Nabwile, Ngige amepona! Siku hizi hakosi kitanda."

"Afadhali yeye," Sifuna alisema, wakacheka wote.

Jumanne hiyo ya Machi Nabwile alirudi jioni, na kipande cha keki amekifunga kwenye karatasi laini.

"Mama, pole sikushika simu, kulikuwa na kelele. Mlitoka kliniki mapema?"

"Tulitoka hata kabla ya kuingia. Ati siku yangu ni tarehe tatu mwezi wa nne."

"Rudia, mama."

"Tarehe tatu, mwezi wa nne. Kwani wewe pia hutaki kuamini?"

Siku yenyewe ilikuwa tarehe nne, mwezi wa tatu. Nabwile aliweka keki chini, akaenda kwenye kompyuta bila kuvua viatu, akaifungua ile kufuli aliyoifunga. Asubuhi ya Jumatano kioo kiliamka chekundu. Hapo ndipo alipoangalia vizuri. Mahali fulani ndani ya sistimu mpya, namna ya kusoma tarehe ilikuwa imegeuzwa. Mwezi ulisomwa kwanza na siku ikafuata. Ngige aliyetakiwa kulala kitandani Machi alikuwa amesukumwa Aprili, na yule wa Ijumaa tarehe saba ametupwa Julai. Chekundu kile kile cha mwezi wa pili.

Alitoka nje, akasimama kwenye kamba ya nguo, akapiga simu.

"Bosi, ile nyekundu tulifunga ilikuwa ya ukweli. Kliniki ya huku Kitale imenunua kompyuta mpya. Mama yangu amerudishwa jana."

"Pole kwa mama. Umeambia nani?"

"Sijaambia mtu."

"Vizuri. Usipigie kliniki. Wakisikia kutoka kwa mtu wa majaribio watasema tulijua. Tengeneza, uniletee, mimi nitafuatilia na wakurugenzi."

"Ijumaa ni siku yake tena, bosi."

"Itakuwa imeenda kabla ya Ijumaa. Niamini."

Wakubwa wana neno hilo, kufuatilia. Mtu wa chini akilisikia aanze kutafuta mbao za jeneza. Dawa ya tatizo Nabwile aliimaliza siku hiyo hiyo. Ilikuwa mistari michache. Ikapelekwa Kanduyi, ikakaa, kwa sababu haiwezi kwenda kwenye kliniki bila idhini ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa kwenye semina hotelini, anafundishwa uongozi.

"Wamesemaje?" Sifuna aliuliza jioni.

"Watarekebisha, baba. Kabla ya Ijumaa."

Hakusema zaidi ya hapo. Bilha alikuwa amelala upande, uso umeanza kuvimba, na ile keki ilikuwa bado mezani kwa sababu hakuruhusiwa kuila na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa.

Ijumaa miguu ya Bilha haikuingia kwenye viatu. Alivaa malapa ya mume wake, akajifunga leso ili watu wasiangalie chini. Nabwile alitaka kwenda nao; Wakhungu alikuwa amemwambia asiondoke kwenye mashine, idhini inaweza kutoka wakati wowote. Akabaki.

Dirishani Jepchumba alitazama kioo cha kompyuta, akatazama uso wa Bilha, akatazama kioo tena.

"Inasema nini?" Sifuna aliuliza.

"Mwezi wa saba."

"Sista, angalia huyu mtu. Usiangalie hiyo kitu. Angalia mtu."

Jepchumba alipanda juu kuomba ruhusa. Wakakaa kwenye benchi. Mfagizi alifika akawaambia wainue miguu apige deki. Sifuna akainua yake, akainama akainua ya Bilha kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehamisha magunia yaliyolowa. Mwanamume mwenye tai alishuka na Jepchumba, akasimama mbali kidogo nao.

"Mzee, kompyuta haiwezi kukosea siku zako zote. Labda ninyi mlisikia vibaya."

"Tumesikia vibaya Jumanne na Ijumaa miaka yote hii?"

"Usipandishe sauti. Kuna wagonjwa hapa."

"Na huyu ni nini? Ni mgeni?"

Bilha alimvuta mume wake shati. "Baba Nabwile, wacha. Utafanya wanifukuze."

Mwenye tai akarudi juu kupiga simu. Walikaa mpaka vitanda vikajaa, vikaanza kuachwa na waliotangulia. Mwishowe Jepchumba alitoka mbio, mikono imebeba vifaa alivyovipata anajua mwenyewe wapi. "Mlete, mlete haraka, liwalo na liwe."

Sifuna alimshika mkewe chini ya kwapa. Bilha aliinuka nusu.

"Ngoja kidogo," akasema, akakaa tena. Akaegemea bega la mume wake, na uzito wake wote ukaja juu ya bega hilo.

Sifuna alingoja, kwa sababu aliambiwa angoje. Jepchumba ndiye aliyeweka vifaa chini kwanza.

Alasiri hiyo, Kibomet, idhini ilitoka. Nabwile alikuwa bado hajapigiwa simu na baba yake alipopokea ujumbe wa Wakhungu: "Imeenda kwa kliniki zote. Asante kwa kazi nzuri."

Walimzika Naitiri, kwao Sifuna. Kaka yake Bilha, Gichuki, alikuja na wazee wao kutoka upande wa Trans-Nzoia, wakakaa kama watu walioletewa mzigo uliofunguliwa. Wakhungu alikuja na gari la kampuni. Kwa sababu ni mtu wa ofisi, vijana walimwondoa bibi mmoja kwenye kiti cha mbele ili yeye akae. Alisalimia "mulembe" kushoto na kulia, akapewa maikrofoni, akasema kampuni imepoteza mzazi. Msema-chochote aliyeongoza shughuli akatangaza sukari, unga na bahasha waliyoleta, watu wakapiga makofi. Sifuna alisikia makofi hayo na hakuwahi kuyasamehe.

Nabwile alikuwa amekwisha kumweleza jinsi dawa ilivyokaa Kanduyi ikingoja mkurugenzi atoke semina. Baada ya chakula alimfuata Wakhungu kwenye gari.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe. Ulishika maikrofoni, hukusema ni nini kilimnyima mke wangu kitanda mara mbili."

"Mzee wangu, haya ni matanga. Tusichafue. Kampuni imesimama na wewe. Si jeneza tumelipa?"

"Mimi sikuomba jeneza. Niliomba kitanda."

Wakhungu aliangalia viatu vyake, vilivyojaa udongo mwekundu wa kaburini. Hakuwa mtu wa dharau. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mtu wa cheo akiogopa humtafuta wa chini yake amshike mbele kama ngao.

"Ukitaka kupeleka mbele, ni haki yako," akasema taratibu. "Nikuambie tu kama mtoto wako. Wakifungua ile mashine, waulize nani aliifunga, jina liko pale si langu. Ni la Nabwile. Mimi niliongea tu kwa simu."

Akaingia garini, akafunga mlango polepole, kwa heshima.

Nabwile alikuwa jikoni anasugua masufuria ya matanga, majivu mpaka viwikoni. Baba yake alikaa kwenye kigoda cha mahali pa moto.

"Ulifunga wewe?"

"Mimi, baba."

"Nani alikuambia?"

"Bosi. Mama alikuwa hapo, alisikia."

Shahidi mwenyewe ndiye amezikwa. Sifuna alipangusa uso na kiganja.

"Basi ni yeye. Mtu akikuambia piga na wewe ni mtu wa kuajiriwa, aliyepiga ni yeye. Mimi hata mbele ya jaji nitasema hivyo. Hawa watu wanakula keki, halafu sisi..."

"Baba, kuna ingine." Aliendelea kusugua pahali pamoja. "Jumatano asubuhi nilijua. Nilijua ni nini, na nilijua Ijumaa watamrudisha. Akaniambia nisipigie kliniki. Ningepigia Sista Jepchumba, wangejua ni kompyuta imekosea, wangeandika kwa mkono. Namba yake niko nayo."

"Ukafanya nini?"

"Sikupiga."

Mwanga wa mlangoni ulimfikia Nabwile magotini tu. Uso wake Sifuna hakuuona vizuri, na hakutaka kuuona.

"Kwa nini?"

"Niliogopa atanifuta kazi. Na dawa ya mama ilikuwa inatoka kwa hiyo mshahara. Nikafikiri, akinifuta, tutanunua na nini? Nikafikiri hivyo siku mbili nzima, baba, kama mjinga. Nilikuwa nalinda kazi ndio nilinde mama."

Sifuna alisogeza majivu motoni. Akaweka kuni. "Umemwambia mtu mwingine?"

"Wewe tu."

"Osha mikono," akasema. "Hiyo sufuria imetakata."

Siku ya tatu baada ya maziko ni siku ya kunyolewa. Jamaa hukaa uani, wanyolewe mmoja mmoja, na mbele ya wote aliyefiwa hueleza marehemu aliugua nini, alipelekwa wapi, nani alifanya nini, mpaka pumzi ya mwisho. Kinachosemwa pale ndicho ukoo unabaki nacho. Kikisemwa ni ugonjwa, basi ni ugonjwa, na hakuna mtu ataruhusiwa kukifukua tena. Likitajwa jina la mtu, jina hilo halifutiki. Watoto wake na wajukuu watalibeba.

Wiki nzima Sifuna alikuwa ameingojea siku hiyo. Alikuwa amejifunza maneno yake akigeuka kitandani: Wakhungu, mkurugenzi wa semina, mwenye tai, yule wa ghorofa ya juu. Alitaka wasikike hapa, mahali pasipo na maikrofoni yao wala bahasha yao. Sasa kila alipoyapanga maneno hayo, yalipita kwanza kwenye mkono wa binti yake. Huwezi kumtaja aliyesema funga bila watu kuuliza aliyefunga. Na akisema figo tu, Mungu alimpenda, basi wale wote wa juu wanakwenda nyumbani safi, na Bilha anakuwa amekufa kwa kusikia vibaya tarehe.

Gichuki, ambaye kwao hawana desturi hii, alikuwa ameahirisha safari ili aisikie.

"Shemeji, mama yetu ni mzee, hakuweza kuja," alimwambia Sifuna asubuhi. "Nikifika ataniuliza kitu kimoja tu. Nami utakachosema hapa ndicho nitampelekea."

Dada mkubwa wa Sifuna, Nakhumicha, ndiye aliyeshika wembe. Alianza na Nabwile. Nywele zilianguka kwenye mapaja yake, naye hakuzipangusa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa tayari mweupe watu walipoanza kunyamaza wenyewe, wale wa nyuma wakisogeza viti mbele. Mzee mmoja alisikika akinong'ona kwamba mwanamke aliyeuzoea ugonjwa wake miaka yote ile hafi hivi hivi, kuna mkono wa mtu.

Nabwile alisikia. Akainua macho, akamtazama baba yake, na midomo yake ikafunguka kidogo.

Sifuna alisimama haraka, kabla yake. Alivua kofia. Aliwatazama watu wa kwao, akamtazama Gichuki, akafungua mdomo, na yale maneno aliyoyajifunza wiki nzima hayakuja hata moja.

Nakhumicha aliuacha wembe juu ya kichwa cha msichana, bila kuusogeza.

"Hesbon, ndugu yangu," akasema, "watu wamengoja. Waambie. Ni nini kilimuua mke wako?"